Dalili za Kinywani za Uvimbe wa Tezi Unaorithiwa: Somo kwa Watoa Huduma za Kinywa na Meno wa Kanda ya Ziwa

Utangulizi

Mgonjwa anayefika kliniki ya meno mara nyingi huja na neno moja tu: jino. Jino linauma, jino limelegea, meno yameachana, au taya limevimba kando ya jino. Mtoa huduma naye hulijibu neno hilo kwa haraka, kwa kuwa foleni ni ndefu na wagonjwa wengi wa Mwanza, Geita, Mara na Kagera wametoka mbali, baadhi yao wakivuka ziwa. Hata hivyo, yapo magonjwa machache ya tezi za homoni ambayo huweza kujionyesha kinywani kabla ya kujionyesha mahali pengine, na ambayo hupita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Katika magonjwa hayo, anayeshika kioo cha meno huweza kuwa mtu wa kwanza mwenye nafasi ya kuyatambua.

Magonjwa haya ni adimu. Wengi wa wasomaji wa somo hili watakutana nayo mara chache katika utumishi wao wote. Sababu ya kuyafundisha ni kwamba kuyakosa kuna gharama kubwa, ilhali kuyatafuta hakuhitaji mtambo wa pekee. Hoja ya somo ni moja: uvimbe wa taya usiotokana na jino, na vinundu vya ulimi au midomo visivyotokana na jeraha, visitibiwe kama jambo la kinywa peke yake kabla ya kupimwa kalsiamu na shinikizo la damu, kupapaswa shingo na kuulizwa habari za ukoo.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, msomaji aweze:

1. Kueleza kwa nini uvimbe wa tezi unaorithiwa huacha alama katika taya, ufizi, ulimi na midomo.
2. Kutofautisha alama hizo na magonjwa yanayofanana nayo na yaliyo ya kawaida zaidi katika Kanda ya Ziwa.
3. Kuuliza historia ya ukoo kwa namna inayofaa familia za eneo hili.
4. Kuchukua hatua za awali na kuandika rufaa iliyo kamili.

Funzo la kale kutoka pwani za ziwa

Wazo la kwamba uvimbe wa taya huweza kuwa sehemu ya ugonjwa wa mwili mzima si geni katika eneo hili. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa taya, akapapasa tumbo lake na kukuta uvimbe humo pia. Alipopekua kumbukumbu za hospitali alibaini kwamba uvimbe uliokuwa ukihesabiwa kuwa magonjwa mbalimbali ulikuwa ugonjwa mmoja. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1958, na leo ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt. Hadi sasa watoto wa mwambao wa ziwa katika Tanzania, Uganda na Kenya bado huugua limfoma hiyo.

Mwaka huohuo wa 1958, nchini Marekani, daktari Charles Jackson alichapisha habari za familia ambayo watu wake kadhaa walikuwa na kalsiamu nyingi katika damu kwa sababu ya tezi za parathairoidi zilizozidisha kazi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1990, yeye na wenzake walionyesha kwamba uvimbe wa mataya ulioonekana katika familia hiyo ulikuwa sehemu ya ugonjwa uleule. Mwaka 2002 jeni inayohusika ilitambuliwa. Sasa inaitwa CDC73.

Magonjwa hayo mawili hayana asili moja. Limfoma ya Burkitt hairithiwi. Inahusishwa na kirusi cha Epstein-Barr na malaria. Lakini yote mawili yalieleweka pale tu daktari alipoacha kulitazama taya peke yake.

Tezi za homoni na urithi wake

Tezi za homoni humimina homoni zake moja kwa moja katika damu. Zinazohusika zaidi na somo hili ni tezi ya thairoidi iliyo mbele ya shingo. Tezi ndogo za parathairoidi, kwa kawaida nne, zilizo nyuma yake na zinazodhibiti kalsiamu. Tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Tezi ya pituitari chini ya ubongo. Na seli za homoni ndani ya kongosho.

Katika sindromu zinazorithiwa, mtu huzaliwa na badiliko katika jeni moja inayodhibiti ukuaji wa seli. Kwa kuwa badiliko hilo limo katika seli zote za mwili, uvimbe huweza kutokea katika tezi zaidi ya moja, katika umri mdogo kuliko kawaida, na katika watu kadhaa wa ukoo mmoja. Kwa sababu hiyohiyo, sehemu zisizo tezi, kama vile mfupa wa taya, neva za ulimi na ngozi ya uso, huweza kuonyesha alama. Sindromu zinazojadiliwa hapa hurithiwa kwa namna ambayo nakala moja ya jeni yenye kasoro yatosha: kila mtoto wa mzazi mwenye badiliko ana uwezekano wa 50% wa kulirithi, awe wa kike au wa kiume.

Alama ya kwanza: uvimbe wa taya pamoja na kalsiamu nyingi

Sindromu ya parathairoidi na uvimbe wa taya ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi ya kila siku ya daktari wa meno. Uvimbe wake huwa fibroma inayozalisha mfupa. Hutokea katika taya la chini au la juu, aghalabu eneo la magego, kwa kijana au mtu mzima wa umri mdogo. Hukua polepole, mara nyingi bila maumivu. Husukuma meno na kuufanya uso upoteze ulinganifu. Katika picha ya eksirei huonekana kama eneo lenye mipaka iliyo wazi, jeusi, au lenye mchanganyiko wa weusi na weupe.

Fibroma za namna hii huonekana pia kwa watu wasio na ugonjwa wowote wa kurithi, na hao ndio walio wengi. Daktari hawezi kuwatenganisha kwa kutazama uvimbe. Kinachotenganisha ni mambo matatu: uvimbe zaidi ya mmoja, au uvimbe unaojitokeza tena mahali pengine katika taya, ndugu wa damu mwenye uvimbe wa taya, mawe ya figo au upasuaji wa shingo, na kalsiamu iliyopanda katika damu.

Uzito wa jambo hili unatokana na parathairoidi zenyewe. Saratani ya tezi hizo ni adimu sana kwa watu wengine wenye parathairoidi zinazozidisha kazi, lakini katika sindromu hii huwapata takribani 15% ya wagonjwa. Uvimbe wa figo na wa mji wa mimba nao huweza kuambatana nayo. Mgonjwa aliyekatwa taya bila kupimwa kalsiamu huondoka na uso ulionyooka na ugonjwa uleule shingoni. Zaidi ya hayo, kalsiamu iliyo juu sana huvuruga mapigo ya moyo na kazi ya figo, hivyo kumlaza mgonjwa kwa nusukaputi bila kuifahamu ni hatari ya papo kwa papo.

Ikumbukwe pia kwamba uvimbe wa taya huweza kutangulia kupanda kwa kalsiamu kwa miaka mingi. Kipimo kimoja kilicho sawa hakifungi jalada la mgonjwa mwenye historia ya ukoo. Kirudiwe kila mwaka.

Uvimbe wa kahawia ni jambo jingine. Huu hutokana na mfupa kuliwa kwa sababu ya homoni nyingi ya parathairoidi, iwe kwa ugonjwa wa kurithi au usio wa kurithi. Pamoja nao huweza kuonekana meno kulegea, mfupa wa taya kuonekana kama kioo kilichosagwa, na kutoweka kwa mstari mweupe mwembamba unaozunguka mizizi ya meno katika eksirei. Chini ya darubini uvimbe wa kahawia umejaa seli kubwa zenye viini vingi, na kwa kawaida hupungua baada ya tezi iliyougua kuondolewa. Fibroma ya sindromu haipungui kwa njia hiyo. Huhitaji upasuaji wake. Katika hospitali zenye wagonjwa wa figo wa muda mrefu, uvimbe wa kahawia huweza kutokana na figo kushindwa kazi. Kwa hiyo kreatinini ipimwe pamoja na kalsiamu.

Alama ya pili: vinundu vya ulimi na midomo

Neoplasia ya tezi nyingi aina ya 2B, inayofahamika kwa kifupi cha kimataifa MEN 2B, nayo ni adimu, lakini ndiyo isiyosamehe ucheleweshaji. Karibu kila mwenye ugonjwa huu hupata saratani ya medula ya thairoidi, na takribani nusu hupata feokromositoma, yaani uvimbe wa adrenali unaomwaga homoni za kupandisha shinikizo la damu.

Alama yake ya kinywani ni vinundu vya neva. Hutokea kwenye ncha na kingo za ulimi, ndani ya midomo, na wakati mwingine kwenye ufizi, kaakaa na ndani ya mashavu. Ni vidogo, laini, visivyouma, na rangi yake hufanana na utando wa kinywa au huwa ya waridi. Midomo huwa minene na yenye matuta, na kope huweza kuwa nene au kugeuka nje. Mtoto huwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono na miguu mirefu. Mama akiulizwa huweza kueleza mambo mawili ambayo hakuwahi kuyahusisha na ulimi: kwamba mtoto alikuwa na choo kigumu tangu uchanga, na kwamba alipokuwa akilia hakutoa machozi.

Ni rahisi kuviona vinundu hivyo kama maumbile tu ya mtoto. Mara nyingi ugonjwa hutambuliwa mtoto akiwa amevuka umri wa miaka kumi, tezi ya shingo ikiwa imevimba na saratani imekwisha kuingia katika mitoki. Mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa mwaka 2015 unashauri kwamba mtoto mwenye badiliko la jeni ya RET linalosababisha aina hii aondolewe tezi ya thairoidi ndani ya mwaka wa kwanza wa maisha. Umbali kati ya mwaka mmoja na miaka kumi ndio unaoonyesha kwa nini mtoto mwenye ulimi wa vinundu asiambiwe arudi muhula ujao.

Tofauti na sindromu nyingine, zaidi ya nusu ya wagonjwa wa MEN 2B hawana mzazi mwenye ugonjwa. Badiliko la jeni limeanza kwao. Kwa hiyo jibu la kwamba hakuna mtu mwingine katika ukoo mwenye hali hii halimwondoi mtoto katika shaka.

Kuhusu usalama, mgonjwa anayeshukiwa asing'olewe jino wala kukatwa kinundu kabla ya feokromositoma kuchunguzwa, isipokuwa pale maisha yake yanapokuwa hatarini. Maumivu, hofu, ganzi yenye adrenalini na nusukaputi huweza kuamsha kupanda kwa ghafla kwa shinikizo la damu kunakoweza kuua. Dalili za kuuliza ni maumivu makali ya kichwa, jasho jingi na moyo kwenda mbio, vinavyokuja kwa vipindi. Shinikizo lililo sawa siku ya kliniki haliondoi shaka, kwa kuwa huweza kupanda wakati wa vipindi hivyo tu. Mgonjwa wa namna hii asianzishiwe propranololi au dawa nyingine za kundi lake kabla ya dawa za kulegeza mishipa anazopewa na daktari bingwa, kwa kuwa shinikizo huweza kupanda zaidi.

Alama nyingine za kukumbuka

Katika MEN 1, uvimbe hutokea katika parathairoidi, pituitari na kongosho. Alama za wazi zaidi ziko usoni: vipele vidogo vigumu, vyekundu au vya rangi ya ngozi, kuzunguka pua na mdomo. Vipele vinavyofanana navyo huweza kuonekana kwenye ufizi. Mtu mzima mwenye vipele vingi vya namna hiyo, mawe ya figo na vidonda vya tumbo visivyopona, apimwe kalsiamu.

Uvimbe wa pituitari unaozidisha homoni ya ukuaji hulisogeza mbele taya la chini, huachanisha meno na huukuza ulimi. Mgonjwa huweza kuja kliniki kwa sababu meno yake ya bandia hayamkai tena. Aulizwe kama pete au viatu vimembana katika miaka ya karibuni, na alete picha yake ya zamani ilinganishwe. Wengi hawakurithi hali hiyo. Lakini inapoanza utotoni au ujanani, au inapompata zaidi ya mtu mmoja katika ukoo, urithi ufikiriwe.

Sindromu ya Cowden, inayotokana na jeni ya PTEN, hufanya ufizi na ulimi viwe na vipele vingi vilivyosongamana kama changarawe. Wenye sindromu hii wako katika hatari kubwa ya saratani ya matiti, ya thairoidi na ya mji wa mimba. Sindromu ya Carney huonekana kwa madoa madogo meusi au ya kahawia midomoni na kwenye kope, na huweza kuambatana na uvimbe wa moyo na wa adrenali.

Yanayofanana na yaliyo ya kawaida zaidi

Kutambua jambo adimu kunahitaji kwanza kuyajua vema ya kawaida.

Uvimbe wa taya unaokua kwa siku au wiki chache kwa mtoto, hasa wa umri wa miaka minne hadi saba, ukilegeza meno, ni limfoma ya Burkitt hadi ithibitike vinginevyo. Huo ni udharura: mtoto apelekwe siku hiyohiyo, na asisubirishwe kwa ajili ya vipimo vya homoni. Uvimbe wa taya la chini unaokua kwa miaka kwa mtu mzima huweza kuwa ameloblastoma. Displasia ya nyuzi hupanua taya bila mipaka iliyo wazi. Jipu la jino lina chanzo chake katika jino lililooza, na hupungua chanzo hicho kikitibiwa.

Vipele vingi kinywani kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI mara nyingi huwa ni sugu za kirusi cha papiloma; uso wake huwa na mikwaruzo kama koliflawa, tofauti na vinundu vya neva vilivyo laini. Kinundu kimoja mahali ambapo jino hugusa shavu au ulimi kwa kawaida hutokana na kujing'ata.

Rangi nyeusi ya ufizi ni ya maumbile kwa Waafrika wengi na haihitaji uchunguzi. Inayohitaji uchunguzi ni rangi mpya: weusi uliojitokeza karibuni mashavuni au ulimini kwa mtu anayekonda, anayechoka na mwenye shinikizo la chini la damu. Huyo huweza kuwa na tezi za adrenali zilizoharibiwa, na katika nchi yenye kifua kikuu chanzo hicho kisisahaulike.

Uvimbe wa shingo nao una mtego wake. Rovu linalotokana na upungufu wa madini joto limejulikana nchini kwa muda mrefu, na uwekaji wa madini joto katika chumvi ulianzishwa kwa sheria katika miaka ya 1990. Kwa mazoea hayo, familia na hata watumishi wa afya huweza kuliona rovu kama jambo la kuvumiliwa. Rovu lenye kinundu kigumu, kwa mtoto, au pamoja na alama yoyote ya kinywani iliyotajwa hapo juu, lisivumiliwe.

Kuuliza habari za ukoo

Historia ya ukoo ni kipimo kisicho na gharama, ila kina ufundi wake. Neno ndugu ni pana: baba mdogo huweza kuwa mdogo wake baba au binamu yake baba, na dada huweza kuwa wa tumbo moja au wa ukoo. Muulizaji abainishe: je, ni mtoto wa baba mmoja na mama mmoja? Katika familia yenye wake zaidi ya mmoja, kila mama aorodheshwe na watoto wake, kwa kuwa badiliko lililotoka kwa baba huweza kuwamo katika nyumba zote, wakati lililotoka kwa mama hubaki katika nyumba yake.

Majina ya magonjwa nayo hayasaidii sana. Watu wachache watasema kwamba babu alikuwa na ugonjwa wa parathairoidi. Wengi watakumbuka matukio: fulani alifanyiwa upasuaji wa shingo; fulani alikuwa akikojoa mawe; fulani alivunjika mguu kwa kuteleza tu; fulani alifariki ghafla mezani kwa upasuaji au wakati wa kujifungua; fulani alivimba taya. Maswali yaulizwe kwa lugha hiyo ya matukio.

Vifo vinavyojirudia katika ukoo mmoja huzaa maelezo ya laana na uchawi, na maelezo hayo huwagawa ndugu. Mtoa huduma asiyabeze, lakini aeleze wazi kwamba badiliko la jeni si kosa la mama wala la baba, na kwamba mwenye nalo akijulikana mapema huweza kulindwa. Habari za mgonjwa zibaki siri. Yeye ndiye wa kuwaambia ndugu zake, kwa msaada wa hospitali.

Hatua za kuchukua

Katika zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya, hatua zifuatazo zinawezekana katika ziara moja, jambo lenye maana kwa mgonjwa aliyevuka maji kutoka Ukerewe au kisiwa kingine:

1. Kutazama uso, kope, midomo, ulimi na ufizi kwa mwanga wa kutosha.
2. Kupapasa shingo mgonjwa akimeza mate.
3. Kupima shinikizo la damu, hata kwa mtoto, kwa mkanda unaolingana na mkono wake.
4. Kuuliza kuhusu mawe ya figo, kiu na kukojoa mara kwa mara, mifupa kuuma, choo kigumu, na vipindi vya jasho na mapigo ya kasi.
5. Kuchora ukoo kwa vizazi vitatu.
6. Kupima kalsiamu, albumini na kreatinini, au kuiandikia rufaa maabara yenye uwezo. Kiwango cha kawaida cha kalsiamu kwa mtu mzima ni takribani milimoli 2.1 hadi 2.6 kwa lita, kikitegemea maabara. Kwa mgonjwa mwenye utapiamlo, albumini ndogo huweza kuficha kalsiamu iliyopanda, hesabu irekebishwe.

Kalsiamu ikiwa juu, homoni ya parathairoidi ipimwe kabla ya upasuaji wowote wa taya. Ikiwa kalsiamu na homoni hiyo vyote viko juu, upasuaji wa parathairoidi kwa kawaida hutangulia. Kipande cha uvimbe kikichukuliwa kisitupwe: kiwekwe katika formalini ya 10% na kipelekwe patholojia, pamoja na maandishi yanayotaja umri, mahali, muda wa kukua, kiwango cha kalsiamu na historia ya ukoo. Mtaalamu wa patholojia asiyejua kalsiamu ya mgonjwa huweza kushindwa kutofautisha uvimbe wa kahawia na uvimbe mwingine wenye seli kubwa.

Rufaa katika kanda hii kwa kawaida hupanda hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza. Barua isiishie kwenye maneno uvimbe wa taya. Iseme kinachoshukiwa na kwa nini, ili mgonjwa aonwe na daktari wa upasuaji wa kinywa pamoja na daktari wa magonjwa ya ndani.

Mfano wa kufundishia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Binti wa miaka 19 analetwa na uvimbe wa taya la chini upande wa kushoto uliokua kwa mwaka mmoja na nusu. Hauumi. Magego yamesogea lakini hayajaoza. Eksirei inaonyesha uvimbe wenye mipaka iliyo wazi na madoa meupe ndani. Njia fupi ni kumpangia upasuaji.

Muulizaji anapochora ukoo, anagundua kwamba baba wa binti amelazwa mara mbili kwa mawe ya figo, na shangazi, dada wa baba kwa baba na mama, alifanyiwa upasuaji wa shingo. Kalsiamu ya binti ni milimoli 3.0 kwa lita, kreatinini ni ya kawaida, na homoni ya parathairoidi iko juu. Sasa mpango umebadilika. Binti anapewa maji ya mshipani na kalsiamu inashushwa. Shingo inapigwa picha. Mpasuaji anaarifiwa mapema kwamba saratani ya parathairoidi inawezekana, ili tezi iliyougua iondolewe nzima bila kupasuliwa. Taya hufuata baadaye. Baba, shangazi, na watoto wote wa baba, wa nyumba zote, wanaitwa kupimwa kalsiamu. Vipimo vya jeni vikipatikana vitathibitisha; visipopatikana, kalsiamu ya kila mwaka inaendelea kuwalinda.

Maswali ya kujipima

1. Mtoto wa miaka mitano ana uvimbe wa taya uliojitokeza wiki mbili zilizopita. Je, hatua ya kwanza ni kupima kalsiamu?
2. Mtoto wa miaka sita ana vinundu kwenye ncha ya ulimi na midomo minene. Wazazi wote wawili ni wazima. Je, MEN 2B imeondolewa?
3. Mgonjwa mwenye fibroma inayozalisha mfupa ana kalsiamu ya kawaida, lakini kaka yake wa baba na mama mmoja aliondolewa parathairoidi. Afanyweje?

Majibu

1. Hapana. Limfoma ya Burkitt ishukiwe kwanza na rufaa iwe ya siku hiyohiyo. Ugonjwa huu hukua kwa kasi, na dawa huweza kuuponya.
2. Hapana. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hawana mzazi mwenye ugonjwa. Mtoto apewe rufaa ya haraka kwa uchunguzi wa thairoidi, adrenali na, inapowezekana, jeni ya RET. Kinundu kisikatwe kwanza.
3. Taya litibiwe, kisha kalsiamu ipimwe kila mwaka, kwa kuwa uvimbe wa taya huweza kutangulia ugonjwa wa parathairoidi kwa miaka mingi. Ndugu wengine wa damu nao wapimwe.